Hoja ya mtaa wako inakwamia wapi kabla ya Baraza la Madiwani

Wakazi wengi wa Dodoma humtafuta diwani pale wanaposikia Baraza linakutana wiki hiyo. Wakati huo wameshachelewa. Baraza kamili la Jiji hukaa kila robo mwaka, na mengi linayoyapitisha yameshachambuliwa kwenye kamati za kudumu, hasa Kamati ya Fedha na Uongozi, inayoongozwa na Meya na kukutana kila mwezi.

Mlango halisi ni Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti, Mtendaji wa Kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Jambo lisiloingia kwenye muhtasari wa kikao hicho litabaki maneno ya vijiweni tu, hata kama diwani mwenyewe analiunga mkono.

Tuseme tatizo ni vyoo vya shule ya msingi. Ukiandika "vyoo havitoshi" hujasema kitu, kwani karibu kila kata inaandika hivyo hivyo. Kipimo cha serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 na wavulana 400 inatakiwa iwe na matundu 20 na 16. Kama yaliyopo ni 10 na 8, andika upungufu: 18. Idadi ya wanafunzi ichukuliwe kwa mwalimu mkuu. Ambatisha muhtasari wa mkutano wa mtaa pamoja na mahudhurio yenye sahihi, na utaje wananchi watachangia nini: mawe, mchanga, kuchimba shimo. Hoja ya namna hiyo ni ngumu kuiweka kando.

Halafu kuna majira. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini Baraza hupitisha makadirio miezi kadhaa kabla, ili yapite mkoani na TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa) hadi Bungeni. Vipaumbele vya kata viwe tayari kabla Desemba haijaisha. Ukileta Machi, utasubiri bajeti ya mwaka mwingine.

Hoja nyingine hufa kwa kupelekwa kusikohusika. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017; maji ni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Diwani anaweza kusukuma, ila fungu haliko kwake. Viwanja ni tofauti: CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilipovunjwa Mei 2017, kazi zake zilihamia Halmashauri, kwa hiyo malalamiko ya upimaji na umilikishaji ni halali kabisa kuyapeleka huko.

Kupitishwa nako si kujengwa. Utekelezaji uko kwa Mkurugenzi wa Jiji, mteule wa Rais ambaye pia ni katibu wa Baraza. Kikao kinachofuata huwa na ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita. Mkutano wa Baraza kamili uko wazi kwa wananchi kusikiliza, bila kuchangia. Nendeni watu watatu au wanne, mbebe nakala ya muhtasari wa kata, msikilize azimio lenu limejibiwaje. Likirukwa, mwandikieni diwani barua siku hiyo hiyo, nakala kwa Mtendaji wa Kata, mkitaja tarehe ya kikao na namba ya azimio.