Kaka wa Lal Darwaza

Mwenye nyumba alikuwa amekubali kwenye simu, na kodi tumeshapatana. Aliponiona mlangoni, chumba kikawa kimepangishwa asubuhi ileile. Kilikuwa chumba cha tatu wiki hiyo. Hii ilikuwa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, Mei 2009, na mimi mwanafunzi kutoka Tanga niliyechoka na jua na watu.

Nikasimamisha bajaji. Kwa hasira ulimi ukanirudisha nyumbani: "Kaka, Lal Darwaza." Nilitaka kituo cha mabasi tu, nirudi bwenini nikalale.

Dereva, mzee wa kofia nyeupe ya kufuma, akageuka na uso umemchangamka. Sikujua wakati ule kwamba kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo au baba mkubwa. Kumbe nimempa heshima yake.

"Siddi? Wa Jambur?"

Nikamwambia kwa Kihindi changu cha kuokoteza kwamba natoka Tanzania. Akatikisa kichwa kama mtu anayevumilia uongo wa mtoto. Masiddi ni Wagujarati wenye asili ya Afrika. Mababu zao walivuka bahari karne nyingi zilizopita, wengine utumwani, wengine askari, wengine mabaharia. Jambur ni kijiji chao. Huwasikii wakisema ila Kigujarati, lakini ngoma yao wanaiita goma.

Tulipofika Lal Darwaza akapita kituo. Nikapiga kelele. Akasema tunakwenda kwa dada. Dada gani? Sina dada mimi India! Nikaanza kupapasa mfukoni kama simu ipo. Basi, kwao dada ni babu mzaa baba, na mama ni mjomba. Lugha hiyo itakuvuruga ukoo mzima kabla hujanywa chai.

Akanishusha kwenye msikiti mdogo uliozungukwa na magari pande zote. Viatu nikavua, na sakafu ya mawe ikanifanya niruke kama kuku hadi kivulini. Akanishika mkono, akanielekeza nitazame juu, ukuta wa kibla.

Madirisha yale ni jiwe lililotobolewa mpaka likawa kama kitambaa cha kufuma. Mti mmoja unapanda, matawi yanajisokota, yanapitana, yanarudi, na huoni fundi alipoanzia wala alipomalizia. Katikati nikaona mnazi. "Mtende," mzee akanisahihisha. Mtu wa Tanga akiona mti wa namna ile ni mnazi tu. Mwanga wa saa tisa ulikuwa unapenya kwenye vitundu, umemwagika hadi magotini pangu.

Msikiti ni wa Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyetumika katika jeshi la Sultani Muzaffar wa Tatu. Mzee akakaa chini, akaanza kuhesabu wenye nchi kwa vidole. Miaka niliijua baadaye, vitabuni. Kidole cha kwanza, wafalme wa Kihindu wa Patan, waliong'olewa na majeshi ya Delhi. Cha pili, masultani wa Gujarat, waliojitenga na hiyo Delhi mwaka 1407. Mmoja wao, Ahmad Shah, akaujenga mji huu 1411. Cha tatu, Akbar, mfalme wa Wamughal waliotawala kutoka kaskazini mwa India. Hapo akakishika kidole bila kukiachia. Msikiti huu ni wa mwaka 980 wa Hijria, na ndani ya mwaka huohuo, Novemba 1572, Akbar aliingia Ahmedabad na usultani ukaisha. Akanionyesha dirisha la katikati: halina mti, limezibwa kwa jiwe tupu.

"Akbar hakumsubiri amalize," akasema. Wataalamu watabisha, lakini mimi maelezo hayo yananitosha.

Wamaratha, Wahindu walioutawala mji kabla ya Waingereza, aliwapitia haraka. Waingereza, waliouchukua mji mwaka 1818, aliwawekea kidole kikubwa na sonyo ndefu: waliugeuza msikiti kuwa ofisi ya serikali. Fikiria karani anapiga mihuri chini ya madirisha yale! Gavana Mkuu Curzon alipotembelea mji mwaka 1900 ndipo ikaamriwa ofisi iondolewe. Halafu uhuru wa 1947, halafu Gujarat kuwa jimbo lake yenyewe Mei 1960. Hilo la mwisho mzee alilikumbuka kwa macho yake; alikuwa kijana, na pipi ziligawiwa mtaani.

"Wote wamepita hapa," akasema, akaukung'uta mkono uliojaa wafalme. "Wewe unatafuta nini?"

"Chumba," nikasema.

Akacheka hadi mswaliji mmoja akageuka kututazama.

Nje akanitajia nauli, akaongeza na muda wa kunisubiri. Nikamwambia si mimi niliyeomba kuja. Akasema babu ni wangu, si wake.

"Kaka, punguza basi," nikamwambia, safari hii kwa makusudi.

Akapunguza rupia tano.