Simamisha video kabla ya jibu

Wengi wanaojifunza kwa video za bure hutazama hesabu ikikokotolewa mpaka mwisho, wakaamini wameielewa. Jicho limeelewa, mkono bado! Mwalimu akishaandika 3x + 5 = 20, simamisha hapo hapo. Shika daftari: toa 5 pande zote, ubaki na 3x = 15, gawanya kwa 3, upate 5. Ndipo uiachie video, ulinganishe hatua kwa hatua. Ukikwama, rudi nyuma sekunde 10 tu, si mwanzo.

Tovuti ya Khan Academy ina masomo na mazoezi ya bure, kuanzia ya watoto. Mihadhara ya chuo kikuu iko MIT OpenCourseWare, tovuti ya bure ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani.

Bando likiwa dogo, shusha ubora wa picha ya video hadi 360p (namba ikiwa ndogo, picha hufifia lakini bando huliwa kidogo). Maandishi ya ubaoni yakififia, panda 480p, maana alama ya kutoa isiyoonekana huharibu hesabu nzima.