Tarehe za Penseli

Jumapili, usiku

Biblia ya mama iko mapajani mwangu tangu niliporudi kutoka ibadani. Nimewahi kuihamisha kutoka rafu moja hadi nyingine, nikaifuta vumbi, nikairudisha. Kuifungua, ni leo tu, na miaka miwili imeshapita tangu tumzike. Jalada limechakaa upande ule aliokuwa akiushika. Nilichokuwa nakitafuta ni Luka 24, sura iliyosomwa leo, lakini kitabu kikafunguka chenyewe kwenye Zaburi ya 13.

Pembeni mwa mstari wa kwanza kuna tarehe nne. Zimeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wake mdogo unaolalia kulia, moja chini ya nyingine, bila maelezo yoyote. Ya kwanza ni ya kabla sijazaliwa, imefifia hadi nikalazimika kuusogeza ukurasa karibu na taa. Ya pili ni ya mwaka ambao baba alikosa kazi. Ya tatu siijui, na wa kumuuliza hayupo tena. Ya nne ni ya wiki tatu kabla hajafariki. Tarakimu zake zimepinda na kuachana, kwa kuwa mkono ulikuwa umeishiwa nguvu.

Anayeijua Zaburi hiyo anajua inavyoanza. "Hata lini" inatajwa mara nne katika mistari miwili. Hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako.

Mama! Mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya watu wote nyumbani kuomba, na ambaye sikumsikia hata siku moja akimlalamikia Mungu. Mimi nilimjua kama mtu wa imani isiyotikisika. Kumbe mara nne, angalau mara nne alizoziandika, alikaa mbele ya ukurasa huu akamuuliza Mungu kama amemsahau.

Naandika haya kwa sababu imani yake ndiyo iliyonifanya nikate tamaa na yangu. Tulimwombea apone kwa miezi kumi na mmoja. Nilifunga, nilikesha, nilikariri ahadi zote nilizofundishwa kuzishika. Alipofariki, mtu mmoja ninayemheshimu alinishika bega, akaniambia kwamba pengine kuna mahali maombi yetu yalipungukiwa imani. Sidhani alikusudia kuniumiza. Lakini neno lile niliondoka nalo nikaishi nalo, na usiku ule ndipo nilipoacha kuomba. Sikumkana Mungu. Niliendelea kwenda ibadani, niliimba, nilisema amina pamoja na wengine. Ila nikibaki peke yangu sikuwa na la kumwambia, na nikajihesabu kuwa mtu aliyetoka njiani.

Njiani. Neno hilo nimekaa nalo jioni nzima. Katika kitabu cha Matendo, kabla waamini hawajaitwa Wakristo kule Antiokia, imani yenyewe ilikuwa ikiitwa Njia. Sauli alipokwenda Dameski alikuwa akiwatafuta watu wa Njia hii awafunge. Nimelipita neno hilo mara nyingi bila kulitilia maanani. Mimi imani niliifikiria kama nyumba: uko ndani au uko nje, na mlango ukishafungwa nyuma yako basi. Lakini njia ina mahali pa kupanda na mahali pa kuteremka, na mtu aliyeketi kando yake kwa uchovu bado yuko safarini.

Na Luka 24 yenyewe, ambayo nimeisikia tangu utotoni, leo imenishika kwa namna nyingine. Watu wawili wanatoka Yerusalemu kwenda Emau, mwendo kama wa saa mbili. Ni siku ile ile ya ufufuo. Mmoja anaitwa Kleopa, mwenzake hatajwi jina. Mgeni anaungana nao, anawauliza wanazungumza nini, nao wanasimama wamekunja nyuso zao. Halafu wanasema sentensi ambayo kwangu ni ya huzuni kuliko zote katika sura hiyo: "Nasi tulikuwa tukitumaini." Tulikuwa. Tumaini limeshawekwa katika wakati uliopita, kama mtu anavyomsimulia marehemu.

Kitu ambacho sijawahi kukiona ni upande waliokuwa wakielekea. Yerusalemu ndiko kaburi lilikokuwa tupu, ndiko wenzao walikokuwa. Wao wanakwenda zao, kila hatua inawatoa mahali habari njema ilipo. Na Yesu, maana mgeni yule alikuwa yeye, hakuwasimamisha barabarani ili awageuze. Alitembea nao kuelekea kule kule walikokuwa wakienda. Aliwaita wazito wa mioyo, ndiyo, hakuwabembeleza, lakini hakuiacha safari yao. Akawafafanulia Maandiko kuanzia Musa na manabii wote, wakafika, wakamsihi akae nao kwa kuwa mchana ulikuwa unakwisha, akaingia. Wakamtambua alipoumega mkate. Ni baada ya hapo ndipo wao wenyewe waliondoka saa ile ile wakarejea Yerusalemu, usiku, bila kuambiwa.

Kwa hiyo alikuwa nao hata walipokuwa wakimpa mgongo. Na walikuwa hawamtambui kabisa! Nimeyarudia maneno haya mara tatu kwa sauti, chumba kikiwa kimya, kwa sababu miaka miwili nilidhani kutomhisi ni ushahidi kwamba tumeachana.

Nimekumbuka pia habari za Mama Teresa. Mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, barua zake zilichapishwa, na watu wengi walishangaa kusoma kwamba kwa miongo mingi aliomba katika giza, bila kuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea kuwahudumia wanaokufa Kolkata. Wapo walioona kwamba basi hakuwa na imani. Mimi sioni hivyo. Mtu anayemwandikia aliyemwongoza kiroho kwamba Mungu amenyamaza bado anamtaja Mungu, bado anamtafuta, na kesho yake anaamka kumtumikia.

Zaburi ya 88 nayo haina mwisho mwema. Ya 13 angalau inamalizikia kwa wimbo, lakini ile ya 88 inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna aliyeiondoa. Imehifadhiwa miongoni mwa sala, ikaimbwa na kunakiliwa kizazi baada ya kizazi, na hilo leo linanifariji kuliko mahubiri mengi niliyohubiriwa juu ya ushindi. Nilipaswa kufundishwa zaburi hizi pamoja na zile ahadi. Tunawafundisha watu kushangilia na kuamini, halafu siku ya msiba wanajikuta hawana maneno, wanadhani ukimya wao ni dhambi.

Mama alikuwa na maneno. Hakutuonyesha, na hapo nina uchungu kidogo naye, nikiri. Laiti angenionyesha tarehe hata moja. Labda aliogopa kututikisa. Labda alidhani ni siri yake na Bwana wake. Lakini nikizitazama sasa naona kitu: kati ya tarehe ya kwanza na ya nne ni karibu miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote kila mara alirudi kwenye ukurasa ule ule kumuuliza Yule yule. Hakwenda kuuliza kwingine.

Sijui kama nimerudi. Hata sina hakika kwamba neno "kurudi" linafaa. Lakini kuna jambo lilitokea asubuhi, kabla sijaifungua hii Biblia, nami nataka liandikwe hapa nisije nikalisahau. Nilikuwa natembea kwa miguu kwenda ibadani, peke yangu, nikiwa na usingizi machoni. Nilikuwa nasimulia jinsi nilivyokosa usingizi, jinsi dada yangu alivyonipigia simu usiku akilia, na kwamba sikujua la kumwambia. Nikafika kwenye kona ninapovukia barabara, nikasimama kusubiri magari yapite, ndipo nikashtuka kwamba nilikuwa nasimulia kwa sauti, na kwamba nilikuwa namsimulia Yeye.