Siku moja na beleshi: kazi yangu ya kupima theluji Colorado

Kazi yangu ni kukadiria hatari ya maporomoko ya theluji milimani. Saa kumi alfajiri. Hata chai bado, nasoma vipimo vya vituo vya hali ya hewa vilivyosimikwa vileleni: usiku kucha imeanguka theluji ya sentimita 22, baridi nyuzi 17 chini ya sifuri, upepo wa kusini-magharibi. Upepo ndio unaonitia wasiwasi. Unaizoa theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, kwa hiyo zile 22 zinaweza kuwa 60 kwenye miteremko ya kaskazini-mashariki.

Saa kumi na mbili mama anapiga kutoka Moshi, kule ni jioni. "Bado unachimba barafu tu, mwanangu?" Bado, mama. Sisi theluji tumezoea kuitazama kwa mbali, Kibo kikijitokeza mawinguni. Kumweleza mtu wa nyumbani kwamba nalipwa kuichimba ni shughuli.

Saa moja na nusu tuko Red Mountain Pass, njia ya kuvukia mlima, mita 3,358 juu ya usawa wa bahari, mimi na mwenzangu; huku haendi mtu peke yake. Tunakagua vifaa vya redio tulivyovaa kifuani, vya kutafutana mmoja akifukiwa, tunabandika ngozi chini ya ski, vile vibao vya kutelezea theluji, zisiteleze kurudi nyuma, tunapanda. Hata msituni hatujatoka, theluji inaguna chini ya miguu. Maana yake tabaka la chini limebonyea, na hakuna kipimo kinachonipa habari mbaya kuliko mguno huo.

Saa tatu tunachimba. Watu hudhani kazi hii ni kuteleza na ski. Kazi hii ni beleshi. Shimo linafika ardhini, mita 1.4, kwenye kimteremko kifupi kinachotazama upande uleule wa mteremko mkubwa tunaouogopa. Napitisha kidole ukutani kutoka juu: laini, laini, ngumu, kisha karibu na ardhi kidole kinazama chote. Punje za huko chini, kwenye kioo cha kukuzia, zina pembe na hazishikani. Ukizifinya zinamwagika kama sukari. Ni theluji ya mwanzo wa msimu. Ilikuwa nyembamba, juu yake baridi kali, chini yake ardhi isiyoganda, na tofauti hiyo ya joto ikaiharibu. Yote iliyoanguka baadaye imeegemea hiyo.

Nakata nguzo kwa msumeno, upana sentimita 90, unene 30. Naweka beleshi juu ya ncha moja na kugonga: mara 10 kwa nguvu ya kiganja, 10 za kiwiko, 10 za bega. Pigo la 14, mpasuko ukakimbia hadi ncha ya pili na bonge zima likaniangukia magotini.

Hapo ndipo walipotokea vijana watatu wenye ski.

"Ni salama au si salama?"

"Leo hatari ya maporomoko ni 3 kati ya 5."

"Basi ni wastani tu."

Hiyo 3 inanikera kuliko baridi. Watu wengi hufia siku za 3, kwa kuwa siku za 4 na 5 wenye akili hukaa nyumbani. Nikawaonyesha ukuta wa shimo. Mmoja akapiga picha. Mwingine akanionyesha alama za ski kwenye mteremko ule mkubwa: mbona hao wamepita? Nikamwambia wamepita kwa sababu hawakukanyaga pale theluji ilipo nyembamba na tabaka bovu liko karibu na juu, na wa nne anaweza kupakanyaga. "Nyie kazi yenu kutisha watu," akasema. Mimi si polisi, siwezi kumzuia mtu. Nikarudia yote polepole, jasho la kupandia likinigandia mgongoni, nikawaelekeza kwenye miteremko yenye mwinamo chini ya nyuzi 30, ambako theluji haiporomoki kirahisi. Wakaondoka kuelekea huko, wakinung'unika.

Baada yao saa sikuitazama tena. Shimo lingine, kisha lingine, chai ya chupa imeshapoa, kalamu imeganda nikaandika kwa penseli. Jibu lilelile kila upande wa kaskazini na mashariki.

Ofisini naandika ripoti ya kesho. Namba inabaki 3, lakini safari hii sentensi ya kwanza inasema wazi: msiingie miteremko mikali ya kaskazini na mashariki, hata kama ina alama za ski. Mwenzangu ameongeza picha ya ile nguzo iliyokatika. Upepo umetabiriwa kuendelea, kwa hiyo alfajiri tunarudi kuchimba upya. Mashimo ya leo tumeshayafukia.