Kudarizi Wake wa Mungu wa Amun: wiki ya sita, nimefumua nusu ya kazi

Haya jamani, wiki ya sita. Kwa mnaoingia sasa hivi, nadarizi kwenye bafta ya mita mbili ule mfululizo wa mabinti wa wafalme wa Misri waliokuwa na cheo cha Mke wa Mungu wa Amun kule Karnak, hekalu la mungu Amun mjini Thebes, kuanzia Shepenwepet wa kwanza mpaka Ankhnesneferibre, na kila mmoja jina lake lipo ndani ya lile duara refu ambalo Wamisri walizungushia majina ya wafalme, maana hawa walikuwa na mashamba yao, makarani wao, wasimamizi wao, na mbele ya mungu wanachorwa wakitoa sadaka kama mfalme mwenyewe.

Kosa langu: nilichora mistari kama ya kuzaliwa, mama anamzaa binti. Hapana. Hiki cheo kilipita kwa kuasili. Shepenwepet, binti wa mfalme Osorkon wa tatu, alimuasili Amenirdis binti wa Kashta, mfalme wa Kush, nchi iliyokuwa kusini mwa Misri, Amenirdis akamchukua Shepenwepet wa pili binti wa kaka yake Piye, na huyo naye akamchukua Amenirdis wa pili, binti wa kaka yake Taharqa. Yaani shangazi anamlea mtoto wa kaka, mara mbili mfululizo! Nilipoliona hilo nikafumua yote, jioni mbili nzima, bafta ikabaki na vitundu nikailoweza nikaipiga pasi upande wa nyuma, vikajifunga.

Sasa uzi wa kijani ni ukoo wa Osorkon, mwekundu ni Kush, wa bluu ni ukoo wa Sais, mji wa kaskazini mwa Misri.

Na hapa ndipo nimekaa siku nne. Mwaka 663 KK Waashuri waliipora Thebes, wafalme wa Kush wakaishiwa nguvu Misri, na Psamtik wa kwanza wa Sais akaja juu. Mtu angetegemea awafukuze wale wanawake wa Kush. Hakufanya hivyo, kwenye jiwe lake la maandishi la Karnak anasema hawezi kumtoa mrithi kwenye kiti chake, akampeleka binti yake Nitocris mwaka 656 KK aasiliwe na Shepenwepet wa pili. Safari ya mtoni siku 16, watu wamejaa kumpokea, na Mentuemhat meya wa Thebes akapangiwa kumpa mkate na mvinyo kila siku. Kwangu hii ndiyo sehemu kubwa kuliko vita zote, wafalme wanabadilishana nchi ila nyumba ya hawa mama haijavunjwa.

Kwa hiyo natumia mshono wa mnyororo, na kitanzi cha kwanza cha bluu nimekianzishia ndani ya kitanzi cha mwisho chekundu, bila fundo katikati. Nimejaribu mara tatu, kitambaa kilikuwa kinavutika, mpaka nikalegeza fremu kidogo na kutumia nyuzi mbili badala ya tatu. Imekaa vizuri sana, ukigeuza nyuma unaona nyekundu imeishikilia bluu.

Amebaki Ankhnesneferibre, binti wa Psamtik wa pili, ambaye alipewa mpaka cheo cha Kuhani Mkuu wa Amun, kazi ya wanaume siku zote, na akakaa hadi Waajemi walipoingia mwaka 525 KK. Jina lake ni refu, nimeshalipima kwa penseli, duara lake litapita la Nitocris kama vidole viwili. Uzi wa bluu hautatosha, Jumamosi naenda kuongeza.