Kumbukumbu ya mradi: kosaini iliyojificha Maseno

Jumamosi usiku. Noti zetu zimefika 31, na wiki hii sikuongeza hata moja. Siku zote zimeishia kwenye ukurasa wa latitudo na longitudo.

Kwa waliojiunga juzi: tuko wanafunzi watano wa chuo, tunaandikia wadogo zetu wa kidato cha tatu na cha nne noti za hisabati. Mtihani wao huandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo maswali tunayaacha yalivyo. Maelezo ni ya Kiswahili, vile tunavyoelezana wenyewe chumbani. Mwanzoni tulipiga picha daftari na kuzipandisha, lakini picha moja ilikula megabaiti tatu, na mtoto mwenye bando la shilingi 20 hawezi kumudu hilo. Siku hizi tunachapa milinganyo kwa LaTeX, mfumo wa kuandika hisabati kwa maandishi badala ya picha. Kurasa zinafunguka upesi hata mtandao ukiwa dhaifu.

Sasa kosa lenyewe. Mwenzetu aliyeandika noti ya latitudo alichagua mfano wa nyumbani, na mimi ndiye niliyeupitisha, tena kwa furaha. Ikweta inapita hapa Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Inapita Nanyuki pia. Basi swali likawa: ukifuata ikweta kutoka Maseno hadi Nanyuki, ni umbali gani? Maseno iko karibu digrii 34.6 mashariki, Nanyuki karibu 37.1, tofauti digrii 2.5. Digrii moja ina dakika 60, na kila dakika kwenye ikweta ni maili moja ya baharini. Jibu ni maili 150, kama kilomita 278. Chini yake tukaandika kanuni: tofauti ya longitudo mara 60.

Jumatatu nikapata ujumbe wa msichana wa kidato cha nne. "Kaka, nimefuata kanuni yenu, jibu langu ni mara mbili ya lile la kitabu." Swali lake lilikuwa na miji miwili kwenye latitudo 60 kaskazini, tofauti ya longitudo digrii 30. Yeye alipata maili 1,800, kitabu kinasema 900.

Nililiona kosa kabla sijamaliza kusoma. Maduara ya latitudo yanapungua kadiri unavyokaribia ncha ya dunia, na ni lazima uzidishe kwa kosaini ya latitudo. Kosaini ya 60 ni nusu. Kosaini ya 0 ni 1, kwa hivyo kule Maseno kosaini ilikuwepo muda wote ila hatukuiona. Hesabu yetu ilikuwa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho, halafu tukaitoa humo kanuni mbovu. Iliniuma. Swali la sehemu ya pili ya karatasi ya mtihani lina alama 10, na huyu binti alituamini.

Wazo la kwanza lilikuwa kuhamia mji mwingine wa Kenya. Tukajaribu Mombasa, karibu digrii 4 kusini: kosaini 0.998. Nchi yetu imekumbatia ikweta hivi kwamba popote utakaposimama humu, kosaini haitoki mbali na 1. Ikabidi tusafiri. Mfano wa pili sasa ni Cairo na New Orleans, zote karibu latitudo 30 kaskazini. Moja iko digrii 31 mashariki, nyingine 90 magharibi, kwa hivyo unajumlisha: 121. Mara 60, mara 0.866, karibu maili 6,290.

Alhamisi tulizungushia chungwa uzi katikati, tukaukata, kisha tukazungusha mwingine karibu na kikonyo. Tulipozilaza nyuzi mbili sambamba juu ya meza, ya pili ilikuwa fupi kabisa. Mchoro wa chungwa hilo ndio unaoufungua ukurasa mpya. Nimemtumia yule dada kiungo, akajibu kwamba amepata 900.

Tumekubaliana kila noti iwe na mfano wa pili ulio mbali na wa kwanza, na kabla haijatoka ijaribiwe na mtu anayefuata kanuni peke yake. Nimeanza kupitia zile za zamani. Leo nimefungua ya milinganyo ya kipeo cha pili: mifano yote mitatu ina a = 1, yaani namba iliyo mbele ya x² ni moja. Hakuna hata mmoja unaomlazimisha msomaji kugawanya kwa 2a, kama kanuni inavyotaka, kikweli. Kesho naanzia hapo.