Siku yangu moja wadini, na leso tatu za kutoka Siyu

Saa kumi na mbili asubuhi natoka kwangu Langoni, Lamu, kwa miguu. Vichochoro vyetu ni miguu au punda. Mimi ni muuguzi wa wadi ya kangaruu, ambako mtoto njiti hulelewa kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwenzangu wa usiku ananikabidhi kina mama wanne walioegemea mito, kila mmoja na kofia ndogo ikichungulia shingoni mwa dera.

Saa mbili, mizani. Mdogo wetu kuliko wote aliingia na gramu 1,420, leo ana 1,510. Mama yake anataka nisome tena, kisha anaipiga picha namba. Saa tatu kukamua maziwa na kulisha kwa kikombe, na hivyo hivyo kila baada ya saa tatu.

Saa tano simu inalia: mashua ya Siyu, kisiwani Pate, imefika gatini. Mtoto kazaliwa nyumbani usiku, wiki ya 32, na Siyu mashua haitoki mpaka maji yajae. Bibi ndiye aliyempakata, kamviringisha leso tatu. Kipimajoto kinasoma 35.1, nasi twataka 36.5 hadi 37.5. Mama mzazi amekaa kando, kifua chake kina moto, mikono mitupu.

Bibi hana kosa, ndivyo sote tulivyolelewa. Lakini leso haizai joto, hulitunza tu lililopo, na mtoto wa gramu 1,600 hana mafuta ya kutosha mwilini ya kulizalisha. Naangalia pumzi na sukari yake, namvua, namwacha na nepi, kofia na soksi. Namlaza kifua kwa kifua na mama yake, kichwa kimegeuzwa upande, miguu kama ya chura, kisha nafunga.

"Mwanangu, kwani mashine zimekwisha?" bibi ananiuliza.

Swali hili nalisikia kila wiki. Ni kweli malezi haya ya kangaruu yalianzia kwenye uhaba: Bogotá, Kolombia, 1978, Daktari Edgar Rey hakuwa na mashine za kutosha za kuwapa watoto njiti joto. Lakini utafiti uliotolewa 2021, Tanzania na Malawi zikiwemo, ulilinganisha watoto wa uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa na waliongojwa kwanza watulie kwenye mashine. Katika siku 28, walifariki asilimia 12.0 upande wa kwanza na 15.7 upande wa pili. Wote walikuwa hospitalini. Tofauti ni kungoja.

Bibi nimemjibu kwa ufupi: "Zipo, bibi. Ila hii ni bora."

Saa saba joto ni 36.6. Saa tisa stima inapotea, feni zinasimama, na kina mama hata hawainui vichwa.

Saa kumi anaingia baba, mvuvi. Mama anahitaji kuoga, kwa hiyo namtuma baba akanawe kwa sabuni, arudi avue shati. Hapo ndipo pagumu: mkwewe yuko kitandani pale pale! Bibi anaelewa kabla sijasema, anajitanda buibui na kutoka nje. Kabla ya kufika mlangoni anarudi kinyumenyume, ananipa leso moja kati ya zile tatu. Navuta pazia, namfunga baba nayo.

Anakaa kama sanamu. Baada ya kitambo ananong'ona, "Sista, naruhusiwa kukohoa?"

Saa kumi na mbili u nusu jioni nakabidhi: watano kifuani, wanne kwa mama na mmoja kwa baba, ambaye hajakohoa bado.